Jinsi ya kuunda baraza la ushauri la vijana Lubumbashi: anza na mtu atakayejibu

Lubumbashi haina uhaba wa vikundi vya vijana. Parokia zina Kizito-Anuarite na skauti, makanisa ya uamsho yana kwaya, shule zina wakuu wa madarasa, na kila kartie ina timu ya mpira inayotafuta jezi. Kinachokosekana ni meza ambapo kijana wa miaka 15 anaulizwa maoni na mtu anayeendesha kituo cha afya, maktaba, shule au komini, kisha mtu huyo anarudi kumwambia ameyafanyia nini. Meza hiyo ndiyo baraza la ushauri la vijana.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1979 mji wa Schiltigheim, kando ya Strasbourg huko Ufaransa, ulianzisha baraza la manispaa la watoto, na miji mingine ya Ufaransa ikafuata. Mwaka 2014 mji wa Boston, Marekani, uliwapa vijana wa miaka 12 hadi 25 dola milioni 1 za bajeti yake wapige kura zitumike wapi. Maktaba nyingi za Marekani zina mabaraza madogo ya vijana yanayoshauri vitabu vya kununua na shughuli za kuandaa. Kwetu msingi wa sheria upo. Kongo iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na ibara yake ya 12 inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inataja hata kamati ya watoto shuleni. Ukienda kwa prefe, yaani mkuu wa shule, kuomba ruhusa, taja nambari hiyo kwenye barua. Barua yenye nambari ya sheria haitupwi haraka.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayetaka kuanzisha baraza la namna hiyo: muuguzi, mwalimu, mkutubi, padri, mama wa CODESA (kamati ya wakaaji inayofuatilia kituo cha afya), au yule kaka mkubwa wa kartie ambaye vijana wanamsikiliza. Hapa nitamwita mlezi.

Hatua ya 1: mpate atakayejibu kabla ya kuwaita vijana

Wengi huanza kinyume. Wanakusanya vijana arobaini ukumbini, wanachagua prezida, makamu, sekretere na kesiye (mtunza pesa), wanachapisha tisheti, wanapiga picha na mgeni rasmi, ndipo wanajiuliza baraza litafanya kazi gani. Kufika Noeli prezida na kesiye hawasalimiani, na waliobaki wamerudi kwenye mpira. Vijana hao wanalaumiwa bure. Waliitwa kutoa ushauri ambao hakuna mtu aliyeuomba.

Laura Lundy, profesa wa Chuo Kikuu cha Queen's huko Belfast, aliandika mwaka 2007 kwamba kumpa mtoto sauti hakutoshi kutimiza ile ibara ya 12. Anahitaji nafasi salama ya kusemea na msaada wa kuyaweka maoni yake sawa. Anahitaji pia msikilizaji mwenye wajibu wa kusikiliza, na maoni yake yafanye kazi panapostahili. Semina nyingi za hapa mjini zinamaliza pesa kwenye yale mawili ya mwanzo. Ukumbi upo, maikrofoni ipo, vijana wamefundishwa kusema. Msikilizaji alifungua semina saa tatu na akaondoka kabla ya mapumziko.

Kwa hiyo nenda kwanza kwa mwenye uamuzi. Kwenye kituo cha afya ni muuguzi mkuu, yule tunayemwita IT, na juu yake ni mganga mkuu wa zone ya afya. Shuleni ni prefe. Ikiwa ni shule ya mtu binafsi, nenda pia kwa promota, maana kuna shule ambako prefe hahamishi hata benchi bila promota kujua. Kwenye komini usianze na mkuu wa komini mwenyewe. Anza na afisa anayeshughulikia vijana au usafi, ambaye ana muda wa kukusikiliza, halafu yeye akupandishe. Mwambie kwamba humletei mradi na humwombi pesa. Unamwomba vitu viwili: swali moja ambalo yeye mwenyewe limemshinda kujibu kuhusu vijana, na ahadi kwamba atajibu ushauri watakaoleta.

Ahadi hiyo iandikwe kwenye ukurasa mmoja. Taja cheo kinachojibu badala ya jina la mtu, kwa sababu watu huhamishwa, na IT mpya akifika lazima akute deni hilo mezani. Taja muda, siku 30 zinatosha kwa karibu kila kitu. Taja kwamba jibu litakuwa kwa maandishi hata kama ni la kukataa. Taja pia ambayo baraza halitayagusa: mishahara ya wafanyakazi, faili za wagonjwa, pointi za mtihani za mwanafunzi fulani. Mipaka ikiwekwa mapema, mkubwa anapumua, na vijana hawaingizwi kwenye ugomvi wa ofisi.

Toa nakala mbili. Moja inabaki kwake, nyingine unarudi nayo ikiwa na sahihi, tarehe na kashe, yaani muhuri wa ofisi. Zoea hili tangu siku ya kwanza na uwafundishe vijana: kila barua ya baraza inakwenda ofisini na nakala yake, na nakala inarudi imegongwa kashe ya kupokelewa. Sekretere wa ofisi akisema «acha tu hapa, nitampa mukubwa», kijana anajibu kwa heshima: «Ndiyo mama, ila naomba unigongee hii yangu.» Nimeona wasichana wa miaka 14 wakisimama mbele ya dirisha nusu saa wakisubiri kashe, bila kununa na bila kuondoka. Hakuna semina ya uongozi inayofundisha hivyo.

Kuhusu usajili, usijitese. Sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inawahusu wanaounda ASBL, yaani shirika lisilo la faida. Baraza linalokaa ndani ya shule, kituo au maktaba ni chombo cha taasisi hiyo, na ile karatasi ya ahadi inatosha kuanzia.

Mkubwa akikataa kuweka sahihi, mshukuru na utafute taasisi nyingine. Amekuokolea mwaka mzima.

Hatua ya 2: swali la kwanza liwe dogo na liwe la kweli

Hapa ndipo baraza linaponusurika au kufa. Ukiwauliza vijana wa Lubumbashi shida zao bila mpaka, watakwambia umeme wa SNEL, ukosefu wa kazi, barabara, na wanafunzi wanaofukuzwa darasani kwa sababu ya minervali, yaani ada ya shule. Yote ni kweli. Lakini IT wa Katuba hawezi kurudisha umeme, na vijana wakitumia mwaka wao wa kwanza kuandika barua juu ya umeme, watajifunza kwamba kuandika barua ni kupoteza wakati.

Chukua swali ambalo mwenye uamuzi anaweza kulimaliza kwa sahihi yake mwenyewe, ambalo matokeo yake yataonekana kabla mwaka wa shule haujaisha, na ambalo vijana wanajua jambo ambalo wakubwa hawalijui. Sharti hili la mwisho ndilo husahaulika. Kumwuliza kijana rangi ya kupaka ukuta ni kumpotezea muda.

Mfano mmoja mzuri ni huu: kwa nini vijana wa miaka 13 hadi 17 hawaji kituo cha afya mpaka wawe wamezidiwa? Wakubwa wana majibu tayari: pesa hakuna, na vijana hawajahamasishwa, basi tufanye uhamasishaji mwingine na mabango. Waulize vijana wenyewe na jibu linabadilika. Binti mmoja alilieleza kwa sentensi moja: «Bamama ba kartie beko pale, banasikia byote.» Meza ya mapokezi ilikuwa varandani, pembeni ya mabenchi ya akina mama waliokuja kupima watoto. Ili kuandikishwa unasema ugonjwa wako kwa sauti, na kabla hujafika nyumbani mama yako ameshajua ulikwenda kuuliza nini. Bango lingefanya nini hapo? Ushauri uliofuata ulikuwa wa kuingiza meza ndani, na kijana apewe kipande cha karatasi aandike tatizo lake mwenyewe. Gharama yake ni kubeba meza.

Maswali mengine ya ukubwa huo: maktaba ifunguliwe saa ngapi ili mwanafunzi wa vakasyo (zamu) ya mchana naye aipate? Vyoo vya shule vinakosa nini hata wasichana wanabaki nyumbani siku za hedhi? Taka za kartie zikusanywe wapi ili watoto wasizipite kila asubuhi wakienda masomo? Radio ya kartie irushe kipindi cha vijana siku gani, na nani akiongoze?

Hatua ya 3: wachague wanachama bila uchaguzi wa mbwembwe

Kumi na wawili hadi kumi na watano wanatosha. Wakizidi hapo, wanne watasema na wengine watasikiliza. Ikiwa baraza ni la mji mzima, hesabu inajipanga yenyewe: komini ni saba (Lubumbashi, Kenya, Kamalondo, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe), wawili kila komini, mvulana na msichana, wanakuwa 14. Kumbuka tu kwamba wa Annexe anatoka mbali, na transpo yake haitakuwa sawa na ya yule wa Kamalondo.

Uchaguzi wa hotuba na kura humleta mtu yule yule kila mahali: mkuu wa darasa, mtoto wa pasta, yule ambaye Kifaransa chake kinateleza. Si vibaya awepo. Tatizo ni wakiwa yeye tu, kwa sababu huyo tayari anasikilizwa nyumbani, shuleni na kanisani. Njia yangu ni hii. Weka tangazo fupi shuleni, parokiani, sokoni na kwenye kisima cha kartie. Anayetaka anajibu maswali mawili, kwa karatasi au kwa mdomo: ni kitu gani hapa ungebadilisha, na umekijuaje? Wenye majibu yanayotokana na kuona kwa macho wanaingia kwenye kapu, halafu unapiga kura ya bahati huku ukihakikisha nusu ni wasichana. Acha nafasi tatu kwa wasio shuleni: anayeuza maji baridi kwenye kituo cha taksibasi, anayebeba magunia soko la Kenya, msichana aliyeacha masomo kwa sababu ana mtoto. Hao hawatakuja kwa tangazo. Wafuate.

Kijana mwenye ulemavu naye afuatwe hivyo hivyo, na kabla ya kumwalika kaangalie kama chumba kina ngazi.

Lugha ya kikao iwe Kiswahili, kile kile cha nyumbani. Kifaransa kikitawala meza, watoto wa shule za bei kali watatawala nacho, na anayebeba magunia atakaa kimya mwaka mzima akitikisa kichwa. Barua za ofisi nyingi bado zinaandikwa kwa Kifaransa, sawa. Basi ziandikwe kwanza kwa Kiswahili, wawili waziweke kwa Kifaransa, kisha wazisome mbele ya wote na kueleza kila sentensi. Anayebeba magunia ndiye atakayegundua kwamba sentensi ya tatu haisemi walichokubaliana.

Muda wa mwanachama uwe mwaka mmoja, na anaweza kuongeza mmoja. Wafinalisti, wale wa mwaka wa mwisho wa sekondari, usiwape kazi nzito baada ya Pasaka. Egzeta, mtihani wa serikali, inawasubiri na wazazi wao hawatakuelewa.

Hatua ya 4: wazazi na usalama, kabla ya kikao cha kwanza

Mtu yeyote chini ya miaka 18 ni mtoto kwa sheria ya Kongo, hata kama ana ndevu na anaendesha manseba, pikipiki ya kubeba abiria. Kwa hiyo mzazi au mlinzi wake anaweka sahihi kwenye karatasi inayosema siku za vikao, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, nani yupo na simu yake. Pita nyumbani kwao. Unaingia, unakaa, unasalimia, unaeleza. Baba wa binti wa miaka 14 anayesikia kwamba mtoto wake «ana kikao» na mtu asiyemjua ana haki ya kukataa, na atakataa.

Kanuni zisizojadiliwa ni chache. Watu wazima wawili kila kikao, mmoja wao mwanamke. Hakuna mtu mzima anayekaa peke yake na kijana nyuma ya mlango uliofungwa, wala anayempeleka peke yake nyumbani. Kikao kiishe mapema, kila mtu afike kwao jua lingalipo. Hakuna picha inayokwenda Facebook bila ruhusa ya kijana na ya mzazi, na kwenye mada za afya hakuna picha kabisa. Kundi la WhatsApp liwe na wale walezi wawili ndani, na mlezi asimwandikie kijana pembeni usiku. Mwisho, vijana wajue jina la mtu wa nje ya baraza wanayeweza kumwendea mlezi mwenyewe akiwakosea: mtawa, mwalimu wa kike, mtu wa ofisi ya mambo ya kijamii. Mlezi anayechukizwa na kanuni hiyo asipewe kazi hii.

Siku ya kukutana waulize wao. Jumamosi asubuhi kuna salongo, kazi ya pamoja ya usafi, na Waadventista hawatakuja siku nzima. Kuanzia Novemba mvua za alasiri zinaweza kuwafungia wote chini ya bati hadi giza. Kila baraza litapata jibu lake.

Hatua ya 5: endesha kikao kana kwamba wewe haupo

Saa moja na nusu, mara mbili kwa mwezi. Meza ya mviringo, au mabenchi yaliyopangwa duara, mlezi akikaa pembeni nje ya duara. Kila kikao kina mwenyekiti wake na mwandishi wake, na zamu inazunguka kwa orodha mpaka kila mtu ameshika zote mbili. Hapa simtaki prezida wa kudumu. Najua vijana watamdai, kwa sababu ndivyo walivyoona kila chama kikifanya, na wazazi pia hupenda mtoto awe na cheo. Waambie cheo kinakuja na zamu. Uongozi unaoupata kwa kuongoza kikao kibaya, ukarudi kuongoza kizuri mwezi wa pili, ni mali yako.

Agenda ni mistari mitatu ubaoni: tulichoahidi mara iliyopita, swali la leo, nani anafanya nini kabla ya kikao kijacho. Mwanzo wa kila mada kila mmoja anasema kidogo kwa zamu, na anayetaka kupita anapita. Mkubwa kwa umri asianze. Ukimwacha kijana wa miaka 17 aseme kwanza, wa 13 watasema «kama ya kaka».

Kazi ngumu ya mlezi ni kunyamaza. Kuna wakati kikao kinakwama: mwenyekiti ameuliza, hakuna anayejibu, mmoja anachora kwenye kaye, mwingine anatazama dirishani ambako mtu anauza vitumbua. Koo lako linawasha. Unajua jibu. Hesabu pumzi zako na ukae. Mara nyingi anayevunja ukimya huo ni yule ambaye hajawahi kusema, na husema jambo ambalo lisingetoka kama ungejaza pengo. Kosa la pili la walezi ni ile «kwa hiyo mnachotaka kusema ni kwamba…», ikifuatiwa na alichotaka kusema yeye. Anayefupisha awe mwandishi wa siku hiyo.

Hatua ya 6: kusanya ushahidi, kisha andika ushauri wa ukurasa mmoja

Maoni ya vijana kumi na wanne yanaweza kupuuzwa kama «mawazo ya watoto». Hesabu yao ni vigumu kuipuuza. Wagawe wawili wawili, kila jozi iulize wenzao kumi wa rika lao maswali matatu yale yale, waandike kwenye kaye kwa alama za vijiti. Wengine wakae mahali husika na kuangalia: ni dakika ngapi kijana anasubiri, anaulizwa nini, nani anasikia. Wasiandike majina. Wasimuulize mtu ugonjwa wake. Swali la mapokezi linajibika bila kujua nani ana nini. Kabla hawajatoka, fanya mazoezi ya kujitambulisha: «Shikamoo mama, tunatoka baraza la vijana la kituo, tunaomba dakika tano.» Mama akisema hana muda, wanamshukuru na kwenda.

Kazi hii ichukue wiki tatu hivi. Halafu kikao kizima cha kulinganisha hesabu, na hapo mara nyingi vijana watashangaa: walidhani shida ni pesa, kumbe ni saa za kufungua, au walidhani wasichana ndio wanaoona aibu, kumbe wavulana wanajificha zaidi. Waache wabishane. Ubishi juu ya namba zilizo mbele yao una faida kuliko hotuba yoyote ya «viongozi wa kesho».

Ushauri wenyewe uwe na sehemu tatu na usivuke ukurasa. Unaweza kukaa hivi:

*Kwa muuguzi mkuu wa kituo.*
*Tuliona: meza ya kuandikisha iko varandani. Vijana (idadi) kati ya (idadi) tuliowauliza walisema wanaogopa kusikika.*
*Tunaomba: meza iingie chumba cha ndani, kijana aruhusiwe kuandika tatizo lake kwenye karatasi, mchana mmoja kwa wiki, baada ya masomo, uwe wa vijana.*
*Sisi tutafanya: kubeba meza, kukata karatasi, na kuwaambia wenzetu shuleni na parokiani siku hiyo ikianza.*
*Tunasubiri jibu kabla ya tarehe … kama tulivyokubaliana.*

Ule mstari wa nne usiuache. Mkubwa anayesoma «sisi tutafanya» anaacha kuona walalamikaji. Na ushauri uwe mfupi kiasi cha kuweza kukubaliwa kipande kipande: anaweza kusema ndiyo kwa meza, hapana kwa mchana wa vijana, na bado mmepata kitu.

Hatua ya 7: peleka, ngoja, dai jibu

Wapeleke vijana watatu, mlezi akiwa nyuma yao. Mmoja anaeleza walichoona, wa pili wanachoomba, wa tatu ameshika nakala ya kugongwa kashe. Wafanye mazoezi ya maswali mabaya: «Nani amewatuma?» «Mna miaka mingapi?» «Pesa iko wapi?» Mkubwa akimgeukia mlezi na kuzungumza naye juu ya vichwa vya vijana, mlezi ajibu: «Papa, wao ndio walioandika, tafadhali waulize.» Baada ya mara mbili ataelewa.

Ikifika tarehe na jibu halipo, baraza linaandika barua ya kukumbusha, mistari mitatu, na nakala ya ile ahadi ya hatua ya 1. Bila jibu tena, linakwenda kwa CODESA ikiwa ni kituo cha afya, kwa kamati ya wazazi ikiwa ni shule. Usiwapeleke redioni kulia. Redio ni silaha ya mwisho, na ukiitumia mapema hakuna ofisi nyingine itakayowafungulia mlango.

Jibu la hapana si msiba, mradi lina sababu. Lisomeni kikaoni polepole. Kama IT anasema hawezi kufungua mchana mmoja zaidi kwa sababu wauguzi ni wawili tu, hiyo ni habari ambayo vijana hawakuwa nayo, na huenda ushauri wa pili ukaenda kwa mganga mkuu wa zone. Jibu la ndiyo nalo lisindikizwe: mwezi mmoja baadaye jozi moja inarudi kuangalia kama meza bado iko ndani. Meza zina tabia ya kurudi varandani.

Pesa, tisheti na tarehe 16 Juni

Baraza linahitaji transpo, kaye, biki, na kitu cha kutia tumboni: vitumbua na sukre vinatosha. Transpo ilipwe kwa umbali halisi, mkononi, mwisho wa kikao, kwa orodha yenye sahihi. Perdiemu, posho ya kukaa kikaoni, usianzishe. Ukilipa vijana kwa kukaa, mwezi mfadhili akiondoka utabaki na viti. Hesabu ya pesa isomwe na kijana mbele ya wenzake kila kikao, hata kama ni franka za kununua biki mbili.

Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, kwa kumbukumbu ya wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976, na wiki hiyo kila ofisi itakumbuka kwamba una vijana. Wataombwa wacheze ngoma, wavae tisheti zenye nembo, wasome hotuba iliyoandikwa na mtu wa mawasiliano. Roger Hart, katika kijitabu alichowaandikia UNICEF mwaka 1992, alichora ngazi yenye vipandio nane vya ushiriki wa watoto, na akasema vitatu vya chini si ushiriki kabisa: kuwatumia, kupamba nao jukwaa, na kuwaweka kwa jina tu. Waonyeshe vijana ngazi hiyo, kisha waamue wenyewe kama watakwenda. Wakikubali, waweke sharti la kusoma maneno yao na kuuliza swali moja la wazi kwa mgeni rasmi. Msimu wa kampeni za uchaguzi, jibu kwa wagombea wote ni moja: hapana, asante, hata kama jezi ni nzuri.

Kukabidhi mwishoni mwa mwaka

Mwezi wa tano anza kutafuta wapya, wakae vikao viwili pamoja na wanaoondoka. Kila anayeondoka anamchukua mpya mmoja na kwenda naye ofisini angalau mara moja, ili sekretere wa pale azoee sura. Wenye miaka 18 wasifukuzwe kama maji machafu. Wawili kati yao wanaweza kuwa walezi wasaidizi, chini ya kanuni zile zile za watu wazima, wengine waelekezwe CODESA, kamati za kartie au vikundi vya chuo, ambako wataonekana haraka kwa sababu wanajua kuandika barua inayojibiwa.

Kinachokabidhiwa ni faili moja: karatasi ya ahadi, PV (kumbukumbu) za vikao, makaye ya uchunguzi, nakala zote zenye kashe, majibu, na orodha ya yaliyobaki bila jibu. Weka faili hilo kwenye taasisi na picha zake kwenye simu mbili, kwa sababu mvua na mchwa wa Lubumbashi havichagui. Septemba, kikao cha kwanza cha baraza jipya kinaanza na ile orodha ya yaliyobaki, na mwenyekiti wa siku hiyo awe mmoja wa walioingia juzi.